Mashine ya kujaza mafuta haitaki kompyuta yenye kasi, inataka isiyochelewa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuzungumzie ubongo wa mashine zinazotengenezwa na karakana zetu. Habari ya mashine mpya ikiandikwa, mara nyingi hutajwa kasi ya prosesa na ukubwa wa memori, na msomaji huachwa aamini kwamba namba hizo zikipanda, mashine nayo imekuwa bora. Kwa simu au kompyuta ya mezani hilo linaweza kupita. Kwa kompyuta inayofungwa ndani ya mashine, kazi yake kusubiri tukio na kulijibu papo hapo, kipimo hicho kinapotosha. Anayelipia upotoshaji huo ni mwenye kiwanda kidogo, chupa baada ya chupa.

Tuchukue mashine inayohitajika sana Singida na Dodoma: ya kujaza mafuta ya alizeti kwenye chupa za lita moja. Mafuta yanatoka tangini, yanapita kwenye mita ya mtiririko, kisha kwenye vali ya umeme, yanaingia chupani. Mita inatoa mapigo ya umeme, kompyuta inayahesabu, na hesabu ikitimia inafunga vali. Chupa ikijaa kwa sekunde 2, mafuta yanapita mililita 500 kwa sekunde, yaani nusu mililita kila milisekunde. Hesabu yote ya kuchagua vifaa inaanzia hapo. Amri ya kufunga ikichelewa milisekunde 20, mililita 10 zimeshapita.

Mwongozo wa kimataifa wa bidhaa zilizofungashwa, OIML R 87, unaweka upungufu unaovumilika kwa chupa moja ya lita kuwa mililita 15, na wastani wa fungu zima hautakiwi kushuka chini ya ujazo ulioandikwa kwenye lebo. Mwenye mashine isiyotabirika hujihami kwa kuzidisha. Akizidisha mililita 12 kwa chupa, na akijaza chupa 2,000 kwa siku, anatoa lita 24 za mafuta bure kila siku. Bei ya bodi yoyote ya kompyuta ni ndogo mbele ya hasara hiyo.

Kuchelewa kwenyewe si ugonjwa. Vali ikichelewa milisekunde 20 kila mara, bila kupungua wala kuzidi, fundi anaamuru ifungwe mililita 10 kabla na mambo yanakwenda sawa. Tabu inakuja pale chupa moja inapocheleweshwa milisekunde 3, inayofuata 5, na ya hamsini 40. Ucheleweshaji wa namna hiyo hauna namba ya kuutibu kwenye programu. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe kwamba bodi ina gigahezi ngapi. Liwe hili: katika hali mbaya kuliko zote, itachelewa kiasi gani? Wastani hausaidii hapa, kwa sababu mkaguzi wa vipimo anaweza kuiokota ile ya hamsini.

Tuanze na sensa, maana hapo ndipo makosa mengi yanapofanyika na hapo ndipo prosesa ya bei kubwa haiokoi kitu. Ile mita ndogo ya plastiki iitwayo YF-S201, inayopatikana kirahisi, inatoa takribani mapigo 450 kwa lita. Pigo moja ni zaidi ya mililita 2. Isitoshe, imetengenezwa kwa maji: ndani yake mna gurudumu linalosukumwa na mtiririko, na mafuta yana mnato mkubwa kuliko maji, hayatiririki kirahisi, tena mnato huo unabadilika kati ya asubuhi yenye baridi na saa nane mchana. Kwa mafuta tafuta mita ya gia mbili zenye umbo la yai. Hiyo hupima kwa kubeba ujazo uleule kila mzunguko, hivyo mnato wa mafuta hauiyumbishi sana. Chagua yenye mapigo 1,000 kwa lita au zaidi, ili pigo moja lisizidi mililita moja.

Wengine huamua kupima kwa mizani, jambo jema, ila wanachukua HX711, kisomaji kinachogeuza ishara ya mizani kuwa namba, kama kilivyo. Bodi zake nyingi hutoka zimefungwa kwenye kiwango cha vipimo 10 kwa sekunde. Kati ya kipimo na kipimo zinapita milisekunde 100, yaani mililita 50 za mafuta. Ukiihamisha pini yake ya kiwango ipate umeme, utapata vipimo 80 kwa sekunde, kila milisekunde 12.5, na bado hizo ni mililita 6 hivi. Anayetaka mizani apunguze mtiririko mwishoni: vali kubwa ijaze mililita 950, kisha vali ndogo ya mililita 50 kwa sekunde imalizie. Chupa itachukua sekunde 2.9 badala ya 2, lakini kila milisekunde ya kuchelewa itagharimu sehemu moja ya kumi ya ilivyokuwa. Hata kwa mita ya mapigo tunaipendelea njia hii ya hatua mbili, kwa sababu inasamehe udhaifu wa vifaa vingine vyote vinavyofuata.

Sasa vali. Ukitumia vali ya volti 230 na relei ya kielektroniki, yaani swichi inayoamriwa na kompyuta, relei hiyo huzima tu mkondo unapopita kwenye sifuri, pale unapogeuza mwelekeo. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo sifuri inakuja kila milisekunde 10. Amri ikitoka mara tu baada ya sifuri, inangoja karibu milisekunde 10. Ikitoka kabla kidogo, haingoji. Hapo pana mililita 5 za kubahatisha ambazo hakuna programu itakayoziondoa. Chukua vali ya volti 24 za mkondo mnyoofu, ya aina inayojifunga yenyewe umeme ukikatika.

Vali hiyo nayo ina mtego wake. Kila fundi anajua kuweka diodi ya 1N4007, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na koili ya vali ili kulinda transista inayoiwasha na kuizima, na ni sahihi kufanya hivyo. Lakini diodi hiyo inauachia mkondo uendelee kuzunguka ndani ya koili baada ya transista kufungwa, sumaku inaisha polepole, na vali inachelewa kujifunga. Weka diodi ya zena ya volti 33, inayoruhusu umeme kurudi nyuma ukifika volti hizo, mfululizo na ile ya kawaida, zikiangaliana kinyume. Mkondo utakufa haraka zaidi, na muda wa kufunga utatulia. Hapo transista itakutana na volti 24 za umeme pamoja na 33 za zena, jumla 57, kwa hiyo transista ya IRLZ44N yenye ukomo wa volti 55 haifai. Tafuta ya volti 100. Na usichukue IRF540N ukaiwasha moja kwa moja kwa volti 3.3 za mikrokontrola, yaani chipu inayoendesha programu ya mashine. Karatasi yake ya data inataja ukinzani wake kwa volti 10 langoni, yaani kwenye pini inayoiwasha. Chini ya hapo inafunguka nusunusu na kuchemka, kwa hiyo iwekee chipu ndogo ya kuendesha lango.

Tukifika kwenye kompyuta yenyewe, kazi ngumu imeshapungua. Midomo minne ya kujaza, kila mmoja mapigo 500 kwa sekunde, ni mapigo 2,000 kwa sekunde kwa jumla. Huo si mzigo. Hata ATmega328P, chipu ya Arduino Uno, yenye megahezi 16 na kilobaiti 2 tu za memori ya kufanyia kazi, inaumudu vizuri ikiandikiwa programu kwa uangalifu. Kinachoiangusha ni amri za kusubiri zilizonakiliwa kutoka kwenye mifano ya wanafunzi. Kipimajoto cha DS18B20, kwa mfano, kinachukua hadi milisekunde 750 kutoa jibu lake kamili. Programu ikisimama kulingoja, huku vali iko wazi, mililita 375 zimekwenda. Iambie sensa ianze kupima, endelea na kazi nyingine, rudi baadaye kuchukua jibu.

Sisi tungechagua chipu yenye vihesabio vya maunzi vinavyopokea mapigo kutoka nje bila kuisumbua programu. STM32F103, yenye prosesa ya aina ya Cortex-M3 na megahezi 72, inavyo. Kihesabio kinapokea pigo la mita kupitia pini, na namba ikifika uliyoiweka, tuseme 980, kinabadilisha chenyewe hali ya pini inayoshika vali. Programu inaweza kuwa imezama kwenye jambo jingine kabisa, na vali itafungwa kwa wakati. Hata ukitumia njia ya kawaida ya kuikatiza programu, Cortex-M3 huanza kuitikia baada ya mizunguko 12 ya saa, ambayo kwa megahezi 72 ni sehemu ya sita ya mikrosekunde moja. Tahadhari ni kwamba bodi za bei ya chini zenye chipu hii zimejaa za feki zinazobeba jina lake. Kabla ya kununua hamsini, nunua mbili, zijaribu kila kihesabio na kila pini utakayotumia.

Chipu ya RP2040, iliyotoka Januari 2021 kwenye bodi ya Raspberry Pi Pico kwa bei ya dola 4, ina vijiprosesa vinane vya pembeni vinavyoshughulikia pini peke yao, na ni chaguo zuri sana kwa kuhesabu mapigo. Memori yake ya kutunzia programu iko nje ya chipu, kwa hiyo sehemu ya programu inayohusu vali ihamishiwe kwenye memori ya ndani, isije ikangoja kuletwa.

Chipu ya ESP32 inapendwa kwa sababu ina waifai ndani na megahezi 240. Tunaiheshimu, ila ina tabia ambayo anayetengeneza mashine hii lazima aijue. Programu inapoandika kwenye memori yake ya kudumu, tuseme kuhifadhi idadi ya chupa za siku, sehemu ya programu isiyowekwa kwenye memori ya ndani husimama mpaka uandishi uishe. Kufuta kipande kimoja cha kilobaiti 4 kunaweza kuchukua makumi ya milisekunde. Milisekunde 45 ni mililita 22 na ushee. Mashine itafanya kazi vizuri saa nzima, kisha chupa moja ifurike, na fundi ahangaike na vali ambayo haina kosa. Aidha, waifai ikiwashwa, kundi la pili la pini zake za kupima volti halisomeki. Kupanga pini kabla ya kuchora bodi kunaokoa bodi nzima kutupwa.

Halafu kuna kompyuta ndogo kamili, kama Raspberry Pi yenyewe, inayoendeshwa na mfumo wa Linux. Prosesa yake inazipita mbali zote tulizozitaja, na ndiyo inayovutia wanaoandika habari. Lakini Linux ya kawaida imeundwa kugawa muda kwa haki kati ya kazi nyingi: huku inaandika kwenye memori kadi, huku inapokea mtandao, huku inachora skrini. Mara nyingi itajibu chini ya milisekunde moja, na mara mojamoja itajibu baada ya makumi. Viraka vya PREEMPT_RT, nyongeza za kuifanya Linux ijibu kwa muda unaotabirika, vilivyoingizwa rasmi kwenye Linux 6.12 mwaka 2024, vinapunguza sana tatizo hilo. Havifupishi muda wa kuwaka, wala haviiponyi memori kadi iliyoharibika kwa sababu umeme umekatika katikati ya kuandika.

Kompyuta iliyowashusha wanaanga wa Apollo 11 mwezini tarehe 20 Julai 1969 ilikuwa na maneno 2,048 tu ya memori ya kufanyia kazi. Ilizidiwa njiani, ikatoa tahadhari namba 1202, ikaacha kazi zisizo za lazima na kuendelea kuongoza chombo. Iliweza kwa sababu ilijua kazi ipi haiwezi kungoja.

Kwa mashine ya mafuta, gawa kazi. Mikrokontrola ishike mita na vali, haina ruhusa ya kufanya kingine. Skrini, stakabadhi, ujumbe wa simu na kumbukumbu viachiwe Raspberry Pi au simu ya zamani. Viunganishwe kwa waya wa mawasiliano wa biti 115,200 kwa sekunde, kila ujumbe ukiwa na namba ya kuhakiki. Umbali ukizidi mita chache tumia RS-485, njia ya mawasiliano ya waya inayohimili umbali mrefu. Pi ikizimika, mikrokontrola imalize chupa iliyoanza na kufunga vali. Kitufe chekundu cha dharura kisipite kwenye programu yoyote: kikate volti 24 za vali moja kwa moja.

Kwa karakana isiyo na mtu wa kuandika programu, PLC ndogo, yaani kompyuta ya viwandani iliyotengenezwa tayari kuongoza mashine, ni njia halali, na mafundi umeme wa viwandani wanaizoea. Ila hakikisha ina viingilio vya kuhesabu kwa kasi. Viingilio vya kawaida vina kichujio cha milisekunde kadhaa, nacho kitameza mapigo. Towe liwe la transista, maana relei huongeza takribani milisekunde 10.

Waya wa mita huwa karibu na mota ya pampu, na mota inapowaka huingiza mapigo ya uongo. Tumia waya wenye ngao iliyounganishwa ardhini upande mmoja, na kitenganishi cha mwanga, kinachopitisha ishara bila nyaya kugusana, kabla ya bodi. Kichujio kiwe cha kiasi: kipinga cha kilo-omu 10 na kapasita (kihifadhi umeme) ya nanofaradi 1 hutoa ucheleweshaji wa mikrosekunde 10, inatosha. Ukiweka nanofaradi 100 unapata milisekunde moja nzima, sawa na nusu ya muda kati ya pigo na pigo la mita ya hezi 500, na utaanza kupoteza mapigo ya kweli.

Umeme unapokatika, bodi inahitaji muda wa kufunga mahesabu. Kapasita ya mikrofaradi 4,700 kwenye mstari wa volti 24, ikitenganishwa na vali kwa diodi, itailisha bodi ya wati moja kwa karibu sekunde moja. Tosha kabisa, mradi bodi itambue mapema kwamba umeme umekwenda. Kapasita hizi ndizo huzeeka kwanza. Iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 hudumu takribani saa 8,000 kwa nyuzi 85, yaani miezi 11 ya kazi mfululizo, na takribani saa 32,000 kwa nyuzi 65. Sanduku lililofungwa chini ya bati linalopigwa na jua linachagua kati ya namba hizo. Lishushe ukutani kwenye kivuli, na chipu ziwe za daraja la viwandani, nyuzi 85 na kuendelea.

Saa mlinzi, ile inayoiwasha upya mikrokontrola ikiganda, iwe na chanzo chake cha muda, na ipewe ishara ya uhai pale tu kazi zote zimethibitika kuwa hai. Wengi huiweka ishara hiyo ndani ya kipima muda, nacho huendelea kudunda hata programu nyingine zote zimekufa. Mwaka 1997 chombo cha Pathfinder kwenye Mirihi kilikuwa kikijiwasha upya mara kwa mara kwa sababu kazi ndogo ilishikilia ufunguo uliohitajiwa na kazi kubwa. Saa mlinzi ilikiokoa kila mara, na kumbukumbu zilizoandikwa kwenye nakala ya chombo hicho maabara zikawawezesha wahandisi kurekebisha programu wakiwa duniani. Hifadhi sababu ya kila kuwaka upya.

Kabla ya kununua vifaa vya mashine kumi, pima mashine moja. Tenga pini moja ipande pigo la mwisho linapofika na ishuke amri ya vali inapotoka, na irekodi kwa kisomaji cha mawimbi cha pini 8 na megahezi 24, kifaa cha bei nafuu. Iache saa nane za kazi, pampu ikiwaka na kuzima, skrini ikiguswa, kumbukumbu zikiandikwa, simu ikipiga karibu na sanduku. Chukua namba kubwa kuliko zote. Halafu pima chupa 200 kwenye mizani ya gramu moja, 100 asubuhi na 100 mchana, ukitoa uzito wa chupa tupu. Lita moja ya mafuta ya alizeti ni karibu gramu 920. Ujazo wa mafuta hupanuka takribani asilimia 0.7 kwa kila nyuzi 10, mililita 7 kwa lita, na tofauti hiyo inasahihishwa kwa kile kipimajoto tulichokitaja, si kwa prosesa.

Ndugu Mhariri, waandishi wako wanapokutana na mashine ya namna hii, tunaomba waulize hiyo namba kubwa kuliko zote na waichapishe mahali pa gigahezi. Nao wanunuzi, wakiwemo wanaoagiza kupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, na vyuo vya ufundi vya VETA, waiandike kwenye mkataba pamoja na joto la juu ambalo sanduku lilipimwa, uzito wa zile chupa 200, majina kamili ya chipu na mbadala wake mmoja, na sharti kwamba programu yote ikabidhiwe ikiwa inasomeka. Uhaba wa chipu wa 2021 ulionyesha kwamba bodi iliyochorwa kwa chipu moja pekee inaweza kukosa kipuri hata kama mchoro wake hauna kosa.

Mafundi wa vidhibiti vya mashine,
Dodoma